Mke wa Kipupwe

Katika kitabu cha shule ya kilimo hayumo.
Nilimtafuta kwa rangi, kwa urefu wa kikonyo,
kwa kina cha kitako;
kuna kurasa nzima za matufaha mekundu yanayovumilia safari,
hakuna hata mstari wa huyu, mwenye ngozi ya gunia,
kijivu upande wa jua, kijani upande wa mwamba,
na chunjua moja karibu na kikonyo,
utadhani aliumwa na nyuki akingali mchanga.

Watu wa Skarvanes humwita Vinterkone, Mke wa Kipupwe.
Mti wenyewe ulikuwa wa shangazi Gudveig,
kwenye ngazi ya tatu ya ukuta wa mawe,
pale mkono wa bahari unapopinda kati ya milima
na jua la Novemba hupita kama mkaguzi:
dakika arobaini, basi.

Nilirudi na cheti na msumeno mpya wa kukunja.
Umri, miaka kumi na tisa. Nilijua kila kitu.
Nikapogoa kama nilivyofunzwa, kila tawi nikalipunguza theluthi,
mti ukabaki umenyooka kama mwanafunzi siku ya kupigwa picha.
Shangazi alitoka na ndoo ya maganda ya viazi.
Akatazama matawi yaliyolala chini,
akautazama mti,
akaenda kulisha kuku.

Mwaka ule, hakuna kitu.
Wa pili, majani.
Wa tatu, majani na kunguru.

Ndipo jioni moja, akimenya, bila kuinua macho,
akanipa alichopewa na mamake:

    Usiguse ncha zake,
    ndiko aliko mwanake,
    mkono usimpoke,
    kata kavu, wacha mbichi.

Kumbe huzaa nchani!
Wenzake hubeba maua kwenye vijiti vifupi kando ya tawi,
yeye huyabeba mwisho kabisa, kwenye kucha ya kidole,
pale pale nilipopitisha msumeno.

Mengine nilijifunza kwa kunyamaza.
Kwamba huchelewa kuchanua: sakitu ya Mei
huchoma maua ya plamu yote mteremkoni
naye bado amefumba ngumi.
Kwamba chavua chake ni tasa; hupokea, hakopeshi,
hivyo ahitaji majirani wawili,
mmoja wa kumpa yeye, wa pili wa kumpa yule mmoja.
Kwamba huzaa mwaka, hulala mwaka,
na mbolea ya kumbembeleza ni hasara tupu.
Ukungu wa madoa meusi haumpati.
Maji yakisimama miguuni pake, hufa.

Mvumilivu hula mbivu, ni kweli,
ila huyu haivi mtini.
Oktoba ni jiwe; mbwa wa Torleiv alimng'ata akamtema.
Humchuma baada ya sakitu ya kwanza,
ukamlaza gizani juu ya majani makavu ya shayiri,
asigusane na mwenzake, asikae karibu na viazi.
Kisha unamsahau.
Februari, theluji ikiwa imefika kwenye kitasa cha mlango,
harufu hupenya mbao za sakafu, ikapanda hadi jikoni,
harufu ya asali na kamba mbichi.
Shangazi husimamisha kisu.
"Leo," husema.

Walipopanua barabara waliubomoa ukuta.
Barua ilikuja Desemba, tingatinga Machi.
Katikati ya hapo nilikata vipandikizi saba, unene wa penseli,
nikavifunga kwa kitambaa kibichi,
nikavificha kwenye friji nyuma ya siagi.
Aprili nikavibebesha kwa nta na utepe.
Vinne vilishika.

Shangazi sasa yuko kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya maji,
miaka tisini na mmoja, sikio moja linalosikia.
Jina langu humponyoka; huniita Sjur, huniita Eilif,
mara nyingine huniita kijana wa msumeno.
Lakini kila Mei simu hulia alfajiri,
kabla sijavaa viatu.
"Amefumba?"
Natoka na simu mkononi, nyasi nyeupe zikilia chini ya soksi,
nainamia ncha ya kwanza, ya pili.
"Amefumba, shangazi."
"Haya," husema, na kukata.